Saa za Ndege na Saa za Nyumbani

Askari anapochaguliwa kwenda masomoni ng'ambo, jamaa zake huachiwa karatasi yenye saa mbili: saa ya kuondoka na saa ya kufika. Wengi hutoa moja katika nyingine, wakadhani wamepata muda wa safari. Hesabu hiyo ni potofu, nayo huleta hofu ya bure nyumbani, na pengine hasara ya tikiti.

Tuchukue safari ya Entebbe hadi uwanja wa Gatwick, London. Umbali wake kwa mstari ulionyooka ni kilomita 6,450 hivi. Ndege kubwa ya abiria ikiwa juu huenda kilomita 850 hadi 900 kwa saa, hivyo ungedhani saa saba na nusu zatosha. Lakini ndege hutumia muda katika kupaa na kutua, wala si kila mara hufuata mstari huo, ambao hupita juu ya Sudan na Libya. Vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, anga yake ilifungwa, na ndege za abiria zikalazimika kuzunguka. Basi safari isiyo na kituo njiani ikadirie kuwa ya saa tisa.

Sasa tuangalie karatasi. Kila saa iliyoandikwa humo ni saa ya mahali penyewe. Uganda iko mbele ya London kwa saa tatu wakati wa baridi. Tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa saa mbili tu. Wakati wa baridi, ndege iondokayo Entebbe saa 4 asubuhi hufika saa 10 alasiri ya London, kana kwamba imeruka saa sita. Iondokayo London saa 2 usiku hufika Entebbe saa 2 asubuhi, kana kwamba imeruka saa kumi na mbili. Mama anayemngoja mumewe asihangaike: hakuna ajali wala ucheleweshaji.

Jambo la pili ni tarehe. Tikiti huhesabu siku kuanzia usiku wa manane. Ikiandikwa 00:30 tarehe 15, maana yake ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 15. Msafiri huyo yampasa awe uwanjani tarehe 14, saa tatu na nusu usiku. Akienda jioni ya tarehe 15, ndege imekwisha kuondoka karibu siku nzima, na nauli ya jamaa wote waliochanga imo hatarini.

Kwa hiyo, kabla ya safari ketini pamoja, mwandike siku na saa ya kufika kwa saa ya hapa kwetu, kisha karatasi hiyo ibandikwe ukutani. Angojaye akiijua saa ya kweli, hupata usingizi.