Rumangabo: Kubana matumizi ya mtoto mchanga si kazi ya mama peke yake

Rumangabo, wilayani Rutshuru. Kwenye mitaro ya barabara kuu ya Goma–Rutshuru, kando ya sasheti na chupa za plastiki, siku hizi kuna takataka nyingine ambayo zamani haikuonekana sana: Pampers zilizotumika. Familia nyingi za hapa zinaziona ni alama ya maendeleo. Hesabu ya nyumbani inasema jambo lingine.

Tuchukue mtoto anayebadilishwa mara 6 kwa siku. Kwa mwezi ni Pampers 180. Kama butiki ya jirani inauza moja moja kwa franka 500, ni franka 90,000 kwa mwezi. Baba anayelipwa kwa kulima shamba la mtu, au mama anayeuza maharagwe sokoni, hajui kwamba ametoa pesa hiyo, kwa sababu anainunua kidogo kidogo, mbili leo na tatu kesho. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

Halafu kuna swali la zinakokwenda. Ndani ya Pampers kuna plastiki, na plastiki haiozi shambani. Ikitupwa chooni, shimo linajaa haraka, na kwenye udongo huu wa mawe ya volkano kuchimba shimo lingine si kazi ndogo. Ikichomwa uani, moshi wake unaingia kwenye nyumba ileile alimolala mtoto. Ikiachwa njiani, mbwa wanaipasua na mvua inapeleka uchafu kwenye maji. Agizo la serikali la tarehe 30 Desemba 2017 lilikataza mifuko, sasheti na vifungashio vingine vya plastiki, lakini nepi si kifungashio. Kijiji kinabaki na mzigo huo bila gari la takataka.

Dawa yake bibi zetu waliijua. Kitenge kilichochakaa na shuka kuukuu hukatwa na kushonwa pindo, zikapatikana nepi 20 au 24 za kumtosha mtoto hadi aanze kukaa kwenye poti. Kinyesi kinamwagwa chooni kwanza, kitambaa kinafuliwa kwa sabuni na maji ya moto, kisha kinaanikwa juani, si juu ya majani. Mdogo wake akizaliwa, nepi zilezile zinarudi kazini pamoja na nguo za mitumba za kaka yake. Pampers inaweza kubaki kwa siku ya safari ya Goma au kwa usiku wa mvua. Hakuna anayesema mama aende kwenye lori na vitambaa vibichi mgongoni.

Lakini ushauri huu una deni lake, na wanaoutoa mara nyingi hawalisemi. Kufua nepi za siku moja kunaweza kumaliza bidoni nzima ya lita 20, na bidoni hiyo mtu lazima aibebe. Pale ambapo bomba liko mbali, anayebeba ni mama aliyejifungua juzi, au binti yake anayechelewa shule. Nyumba inaweka akiba ya pesa kwa kutumia mgongo wa mwanamke. Hiyo si akiba, ni kuhamisha gharama. Baba anayefurahia kwamba Pampers hazinunuliwi tena, na achukue bidoni mwenyewe asubuhi. Mwenye nyumba ya bati afunge mfereji na kuweka pipa. Maji ya kwanza yanayoosha bati ayaache yapite, maana moshi wa volkano huacha vumbi na tindikali juu yake, na yanayofuata yatumike kufulia.

Makala nayo yanahitaji hesabu. Rumangabo ni makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na watu wa hapa wanajua vizuri kwamba magunia mengi yanayopelekwa Goma yanatoka kwenye miti ya hifadhi hiyo. Mama mwenye mtoto anawasha mbabula mara nyingi: maji ya kuoga, maji ya kufulia, uji. Maharagwe yakilowekwa usiku yanaiva upesi. Maji yakichemshwa mara moja na kuwekwa kwenye termosi, moto wa saa tisa za usiku hauhitajiki.

Kuna mahali ambapo kubana ni kosa. Miezi 6 ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama tu, na maziwa hayo hayanunuliwi, lakini mama hawezi kunyonyesha vizuri akiwa na njaa. Kumpunguzia sahani ili fedha ibaki si busara. Baada ya miezi hiyo, uji wa soya, mahindi na mtama unaosagwa nyumbani unashinda makopo ya gharama. Uji uliobaki kwenye kikombe cha mtoto usitunzwe hadi jioni, wapewe kuku. Na sabuni isikatwe, maana kuhara kunamaliza kwa siku mbili akiba ya miezi miwili.

Vita vilivyorudi mwaka 2022 vilikimbiza familia nyingi za Rutshuru, na zilizorudi nyingine zilikuta nyumba tupu. Kwao, kila franka ina kazi. Ndiyo maana siku za CPS, wamama wanapoleta watoto kupimwa uzito, vituo vya afya vingefundisha pia kushona na kufua nepi, na viongozi wa Kisigari wangeweka shimo la pamoja la takataka na kusukuma kazi ya mabomba. Wababa nao waalikwe siku hizo, waje na bidoni zao.