Jina la Chakula ni Ahadi

Jina la chakula ni ahadi baina ya mpishi na mlaji. Mlaji haoni yaliyopita jikoni. Huketi akapokea sahani kwa imani, na imani yake yote hutegemea neno aliloambiwa. Mpishi akilipotosha neno hilo, amemlisha mwenzake kitu asichokikubali. Twasema haya kwa ajili ya chakula kimoja cha Ufaransa, kiitwacho coq au vin, ambacho siku hizi hupikwa majumbani katika miji mingi ya dunia, na ambacho ahadi yake huvunjwa mara mbili katika sufuria moja.

Maana ya jina hilo si fumbo. Coq ni jogoo. Vin ni divai. Wafaransa wanalo neno poulet kwa kuku mchanga, na neno poule kwa kuku jike, lakini hawakuyatumia hapa. Walisema jogoo, nao walikusudia jogoo. Wafasiri wetu huandika "kuku kwa divai", kisha wakapita. Ni ajabu, maana Kiswahili si maskini katika jambo hili: kina kifaranga, pora, tembe, koo na jogoo, kila mmoja na umri wake na kazi yake. Mwenye maneno mengi kama haya hana udhuru wa kuridhika na neno moja la jumla.

Wala neno jogoo si pambo. Ndilo kanuni yote ya mapishi haya. Chakula hiki ni cha watu wa mashamba, na Bourgogne ni moja ya nchi zinazosifika kwacho. Jogoo aliyezeeka, asiyefaa tena kwa uzazi, hakutupwa. Nyama yake ilikuwa ngumu mno kwa kuchoma, basi ililazwa usiku kucha katika divai nyekundu pamoja na vitunguu, karoti na majani ya viungo. Kesho yake ilikaushwa, ikakaangwa katika mafuta ya nguruwe, ikarudishiwa divai, ikaachwa itokote kwa moto mdogo saa mbili, tatu, au zaidi. Mwishoni viliongezwa uyoga na vitunguu vidogo, na kwa mila ya kale mchuzi uliungwa kwa damu ya jogoo mwenyewe. Sababu ya muda huo ni wazi. Nyama ya mnyama mzee imefungwa kwa nyuzi ngumu za kolajini. Moto wa taratibu na majimaji huzilegeza nyuzi hizo zikawa jelatini; nyama hulainika, na mchuzi hupata uzito ambao unga hauwezi kuuiga. Ugumu wa jogoo, basi, haukuwa kasoro ya kuvumiliwa, bali mtaji wa sufuria.

Sasa tutazame yafanywayo leo. Huchukuliwa kuku wa kisasa, aliyechinjwa akiwa na umri wa wiki 6 hivi, asiyepata kuwika hata mara moja, akaitwa jogoo. Pana wajibuo kwamba jogoo mzee hapatikani madukani. Jawabu hilo lina ukweli. Julia Child, Simone Beck na Louisette Bertholle, katika kitabu chao cha mwaka 1961 walichowaandikia wapishi wa Marekani, walichagua kuku mchanga, nao wakafupisha muda wa kutokota mpaka dakika 25 au 30. Hesabu yao ni sahihi kwa kuku yule. Ugomvi wetu si na sufuria yao, bali na jina lililobaki juu yake, na zaidi na waliofuata, ambao huchukua kuku kutoka kwa hawa na saa tatu kutoka kwa wale wa kale. Kuku mchanga akitokoteshwa kwa muda wa mzee hubaki nyuzi kavu katika mchuzi mwembamba. Kisha aliyeula hudhani ameuonja ustadi wa Bourgogne.

Ahadi ya pili ni ya divai. Hapa uongo ni mzito zaidi, maana unagusa dini ya mtu. Husemwa jikoni kwamba kileo chote huruka na mvuke, ati kibakicho ni ladha tu. Si kweli. Jedwali za Wizara ya Kilimo ya Marekani zakadiria kwamba chakula kilichochanganywa na kileo, kikapikwa nusu saa, hubakiwa na asilimia 35 hivi ya kileo hicho. Kikipikwa saa 1, asilimia 25. Na kikipikwa saa 2 na nusu, asilimia 5. Ule mwali wa brandi unaowashwa kwa mbwembwe juu ya sufuria huacha asilimia 75. Na tazama jinsi udanganyifu wa kwanza unavyoulea wa pili: aliyemweka kuku mchanga mahali pa jogoo hupunguza muda, na apunguzaye muda huacha kileo kingi zaidi.

Watasema kiasi hicho ni kidogo. Huenda ni kidogo. Lakini ni nani aliyempa mpishi kazi ya kuamua? Kwa Mwislamu aketiye mezani, hapa pana divai, pana mafuta ya nguruwe, na kwa mila ya kale pana damu. Haki yake ni kuambiwa yote matatu kabla ya kunawa mikono. Kumwambia "imekwisha kuruka" ni kumnyang'anya hiari yake kwa tabasamu.

Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Huyu wa Ufaransa ameingia mjini akanyang'anywa hata jina. Nasi wa Afrika Mashariki, ambao bado twamkuta jogoo wa kienyeji akiuzwa mzima sokoni, tu karibu na asili ya chakula hiki kuliko wengi wa mijini Ulaya. Mwenye jogoo na ampike kwa saa zake, amwite jogoo. Mwenye kuku mchanga na ampike nusu saa, amwite kuku kwa divai, hakuna aibu. Na kila mwenye kutia divai aseme ametia, na kwamba ingalimo.