Bosi, mguu wa kibarua si bei ya mti

Wasee wa Busia na Malaba, leo tuachane na siasa. Tuongee pawasoo.

Ukipita Amukura, Nambale ama Bumala utaisikia ikinguruma mahali. Mikaratusi inaangushwa, mbao zinapasuliwa palepale shambani. Kazi poa, inalisha watu. Lakini mwangalie kijana anayeishika: sandaki miguuni, kaptura, kichwa wazi. Msaidizi wake yuko hatua mbili kando, anavuta kamba.

Akikatwa tunasema ni bahati mbaya. Bahati gani? Injini ikipandishwa moto, mnyororo hupita kama mita 20 kwa sekunde moja. Ncha ya kile chuma kirefu kinachoubeba ikigusa tawi kwa upande wa juu, mashine inakurukia usoni kabla hujapepesa jicho. Hii inajulikana, ndiyo maana pawasoo huja na breki ya mnyororo. Ikiharibika, mnaiacha hivyo hivyo, eti bado inakata.

Mabosi nao wana wimbo mmoja: "Huyo si mfanyakazi wangu, ni kibarua tu, namlipa kwa mti." Wacheni hizo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi alinde watu wote wanaofanya kazi hapo. Wote! Haikusema wenye barua ya ajira peke yao. Na shamba pia ni mahali pa kazi.

Bosi huyohuyo hawezi kutia petroli bila kuchanganya oili, kwa sababu injini itakufa. Injini anaihurumia. Mtoto wa wenyewe je?

Na sisi vijana tupunguze kiburi cha "nimezoea." Mnyororo haujui mzoefu.

Tunachodai si anasa: helmeti yenye wavu wa uso na vifuniko vya masikio, buti ngumu, na suruali ya kazi hii, ile ambayo nyuzi zake hukwamisha mnyororo. Watu wakae mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti. Njia ya kukimbilia ifyekwe kabla ya kukata.

Mtasema ni ghali. Sawa, pigeni hesabu yake pamoja na petroli na oili, mnunuzi alipe. Kama pesa ya mti haiwezi kununua suruali, basi huo mti haujafika bei. Uacheni usimame.