Presha wakati wa ujauzito: Dawa hubadilishwa, haiachwi kiholela

Kila Mei 17 dunia huadhimisha Siku ya Shinikizo la Damu. Siku tano baadaye, Mei 22, huadhimishwa siku ya kuhamasisha jamii kuhusu kifafa cha mimba. Katika siku ya kwanza watu wazima huhimizwa kupima presha na kumeza dawa bila kukosa. Katika siku ya pili wajawazito huhimizwa kuwahi kliniki na kuzijua dalili za hatari.

Kati ya siku hizo mbili kuna mwanamke anayesahaulika: yule ambaye tayari anameza dawa za presha kila siku, kisha anagundua kuwa ni mjamzito. Aendelee na dawa zake? Aziache? Mara nyingi hujibiwa na jirani, au hujijibu mwenyewe, kabla hajafika kwa mtaalamu wa afya. Majibu yote mawili yanayomjia haraka yanaweza kumdhuru yeye au mtoto.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na shinikizo la juu la damu mwaka 2024, na zaidi ya asilimia 40 kati yao hawakujua kuwa wanalo. Miaka ya thelathini na mwanzo wa arobaini ni umri ambao wanawake wengi wa Afrika Mashariki bado wanazaa.

Upande wa uzazi, uchambuzi uliotolewa na WHO mwaka 2025 ulionyesha kuwa matatizo ya presha, kikiwamo kifafa cha mimba, huchangia takriban asilimia 16 ya vifo vya kina mama vinavyohusiana na uzazi duniani. Pamoja na kutokwa na damu nyingi, ni miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo.

Kitaalamu, presha ya mjamzito huhesabiwa kuwa ya juu inapofika 140 kwa 90. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura inayohitaji matibabu siku hiyo hiyo.

Dawa nzuri, wakati usiofaa

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unapendekeza makundi matatu makuu ya dawa za kuanzia matibabu ya presha kwa watu wazima. Mojawapo ni la dawa ambazo majina yake huishia na “pril”, kama captopril, enalapril na lisinopril, na ndugu zake zinazoishia na “sartan”, kama losartan, valsartan na telmisartan. Ni dawa nzuri. Hulinda moyo na figo, na zimeokoa maisha ya watu wengi.

Lakini kwa mjamzito hali ni tofauti. Dawa hizi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Zikitumika hasa kuanzia mwezi wa nne, zinaweza kuharibu figo zake, kupunguza maji yanayomzunguka tumboni, kuzuia mapafu yake yasikomae na hata kusababisha kifo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza onyo zito kuhusu dawa za “pril” tangu mwaka 1992.

Hapa ndipo mafanikio yanapoleta swali jipya. Kadiri huduma za presha zinavyoshuka kutoka hospitali kubwa hadi kwenye vituo vya afya na zahanati, ndivyo wanawake wengi zaidi wa umri wa kuzaa watakavyoanzishiwa dawa hizi. Siku hizi pia kuna vidonge vinavyochanganya dawa mbili katika kimoja, kwa mfano amlodipine pamoja na telmisartan. Mtumiaji anaweza kujua kuwa anameza “dawa ya presha” tu, asijue kuwa ndani yake imo isiyomfaa akishika mimba.

Kosa la pili: kuacha kila kitu

Akisikia kwamba dawa inaweza kumdhuru mtoto, mama wengi huchukua hatua inayoonekana ya busara: anaziacha zote. Hilo nalo ni hatari. Presha isiyodhibitiwa inaweza kuleta kiharusi, kondo la nyuma kuachia kabla ya wakati, mtoto kushindwa kukua vizuri au kuzaliwa njiti, na kifafa cha mimba.

Mwili wenyewe huweza kumdanganya. Kwa kawaida presha hushuka kidogo katikati ya ujauzito, hata kwa mwenye ugonjwa huu wa siku nyingi. Aliyeacha dawa anaweza kupimwa mwezi wa tano, akaona namba nzuri na kuamini kuwa amepona. Kuanzia mwezi wa saba presha hupanda tena, na wakati huo huenda hana dawa yoyote nyumbani.

Daktari anaweza kupunguza dozi au kusimamisha dawa kwa muda kama presha imeshuka sana. Tofauti ni kwamba yeye huendelea kupima, na yuko tayari kuirudisha.

Dawa mbadala zipo

Dawa tatu hutumika zaidi kwa wajawazito: methyldopa, labetalol na nifedipine ile inayofanya kazi polepole. Methyldopa ni ya zamani na ni wagonjwa wachache wengine wanaoitumia siku hizi, lakini imebaki kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu kwa ajili ya wajawazito. Atenolol huepukwa kwa sababu imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Kwa miaka mingi madaktari walibishana iwapo presha ambayo haijapanda sana itibiwe, wakihofia kupunguza damu inayokwenda kwa mtoto. Mwaka 2022 matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani, ulioongozwa na Alan Tita wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, yalitoa mwanga. Ulihusisha wajawazito zaidi ya 2,400 wenye presha ya muda mrefu isiyo kali. Kati ya waliotibiwa ili presha ibaki chini ya 140 kwa 90, asilimia 30 walipata madhara makubwa kama kifafa cha mimba cha awali chenye dalili kali au kifo cha mtoto. Kwa wale ambao hawakupewa dawa hadi presha ilipopanda sana, walikuwa asilimia 37. Watoto wenye uzito mdogo hawakuongezeka.

Utafiti mwingine, uliofanyika katika hospitali mbili za umma mjini Nagpur, India, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa vidonge vya dawa hizo tatu vinaweza kushusha hata presha kali. Ni habari njema kwa kituo kisicho na dawa za kuchoma mshipani wala mashine za uangalizi wa karibu.

Kliniki mbili zisizozungumza

Kama dawa zipo na ushahidi upo, tatizo liko wapi? Sehemu kubwa iko katika namna huduma zilivyopangwa. Mgonjwa wa presha ana siku yake ya kliniki na daftari lake. Mjamzito ana siku nyingine na kadi nyingine. Anayeandika dawa ya presha huenda asimuulize mwanamke wa miaka 34 kama anatarajia kupata mtoto. Mkunga naye humpima presha, lakini huenda asione boksi la dawa lililobaki nyumbani.

Kuna pia njia ya duka la dawa. Mtu hutumwa na boksi tupu, ananunua nyingine kama ile, anarudi. Muuzaji hawezi kujua kwamba anayekwenda kumeza ana mimba ya miezi miwili. Na kwa kuwa wanawake wengi huanza kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza, wakati mzuri wa kubadili dawa huwa umeshapita.

Nini kifanyike

Wakati salama zaidi wa kubadili dawa ni kabla ya kushika mimba. Mwanamke anayetumia dawa za presha na kupanga kupata mtoto amweleze daktari mapema. Aliyeshika mimba bila kupanga awahi kituo cha afya siku chache tu baada ya kugundua, akiwa na maboksi yote ya dawa mkononi. Kuwa alimeza “pril” wiki za mwanzo si sababu ya kukata tamaa. Madhara yanayojulikana zaidi hutokea baadaye, kwa hiyo kubadili mapema kuna faida kubwa.

WHO pia inapendekeza aspirini ya dozi ndogo kwa wenye hatari kubwa, ianze kabla ya wiki ya 20, na madini ya kalisi pale ambapo chakula hakiyatoi ya kutosha. Utafiti uliofanyika Tanzania na India, wajawazito 11,000 katika kila nchi, ulionyesha mwaka 2024 kuwa miligramu 500 za kalisi kwa siku hazikuwa duni kuliko 1,500 katika kuzuia kifafa cha mimba cha awali. Zote mbili zitolewe kwa ushauri wa mtaalamu.

Maumivu makali ya kichwa, kuona maluweluwe, maumivu ya juu ya tumbo, kuvimba uso ghafla au degedege ni dalili za kukimbilia hospitali. Hatari haiishi mtoto akizaliwa. Presha inaweza kupanda siku za mwanzo baada ya kujifungua, hivyo vipimo viendelee. Wakati huo dawa huweza kubadilishwa tena, na enalapril iliyokatazwa jana inaweza kuruhusiwa hata kwa anayenyonyesha.

Kwa serikali na hospitali, hatua ya kwanza haihitaji mashine mpya. Kliniki ya presha imuulize kila mwanamke wa umri wa kuzaa: “Una mpango wa kupata mtoto?” Kliniki ya wajawazito imuulize kila mama: “Unameza dawa gani?” Majibu yaandikwe mahali ambapo kliniki zote mbili zitayasoma.