Mwanafunzi wa Uuguzi na Kazi ya Wodini

Kijana wa Unguja au Pemba anayekwenda Dodoma kusomea uuguzi hupanga chumba Ipagala, na kabla mwezi wa kwanza haujakatika hutambua kuwa ada si gharama pekee. Ipo kodi ya chumba, ipo nauli ya kila siku, ipo sare na viatu vya wodini. Kwao ni ng'ambo ya bahari. Hawezi kwenda kula kwa mama mwishoni mwa juma. Ndipo anapoanza kubisha hodi hospitalini kuomba kazi yoyote: kufua mashuka, kusukuma vitanda, kupeleka vipimo maabara, kupanga majalada masijala.

Sisi twasema kijana huyo hastahili sifa tu, bali anastahili kufunguliwa mlango.

Kazi Dodoma ipo. Tangu mwaka 1973 ulipopitishwa uamuzi wa kuhamishia huko makao makuu, mji umekuwa ukipanuka. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ipo Mirembe inayotibu maradhi ya akili, na tangu mwaka 2015 ipo ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Lakini ajira ya kudumu Serikalini hupitia Sekretarieti ya Ajira, nayo humtaka mtu mzima mzima, si mwenye vipindi darasani. Kazi za usafi, katika hospitali nyingi, zimekabidhiwa wazabuni. Katikati ya milango hiyo miwili mwanafunzi hana wake. Huingia kibarua bila karatasi, au huambiwa ajitolee.

Neno hilo la kujitolea sisi twalijua sana. Tumebeba mawe na kuchimba misingi kwa nyimbo. Ila kujitolea ni kwa hiari, na hakuna hiari kwa mtu anayeogopa kumuudhi msimamizi atakayempa alama. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitufunza mapema kuwa ujira wa mtu haucheleweshwi hata jasho likamkauka.

Tena ajue kijana wetu kwamba mambo ya kazi si ya Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, na Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Hiyo ya Bara huweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma, na humpa afanyaye kazi baada ya saa 2 usiku nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Asiye na mkataba wa maandishi atayadai hayo kwa tabu kubwa.

Lipo jambo zito kuliko fedha. Ni saa 8 za usiku, muuguzi ni mmoja, wagonjwa ni wengi. Mhudumu anayepiga deki anajulikana kuwa mwanafunzi. Ni rahisi mno kumwita: njoo, mchome huyu sindano. Saa za mazoezi mwanafunzi hushika sindano chini ya macho ya mkufunzi. Usiku wa ujira yeye ni mhudumu basi, na Baraza la Uuguzi na Ukunga bado halijamsajili. Akikosea, ataumia mgonjwa, na yeye huenda akaukosa uuguzi kabla hajauanza.

Uingereza wanafunzi wa uuguzi huweza kujiandikisha katika orodha ya watumishi wa muda wa hospitali, wakafanya zamu za wasaidizi na kulipwa kwa zamu. Zamu hizo hazichanganywi na saa za mazoezi ya masomo. Hatuoni kwa nini Dodoma ishindwe.

Twawaomba wakuu wa hospitali watenge zamu chache za wahudumu, za usiku na za mwisho wa juma, kwa ajili ya wanafunzi, na wazisimamishe nyakati za mitihani. Twaiomba Wizara ya Afya ya Zanzibar, ambayo ndiyo itakayowahitaji vijana hawa kesho huko Wete na Mkoani, isiwaachie Bara peke yao shauri hili. Karatasi moja yenye muhuri, ikitaja saa, ujira, na kazi ambazo mhudumu haruhusiwi kuzigusa, yaweza kuandikwa kabla ya muhula ujao.