Printa za matangi ya wino: Nani anafaidika Ukata na Mbinga?

Kila mwaka dirisha la mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, vijana waliomaliza kidato cha sita katika vijiji vya wilaya ya Mbinga huanza kutafuta mahali penye printa. Maombi ya Bodi ya Mikopo (HESLB) hujazwa kwenye intaneti, lakini fomu ni lazima ichapwe, isainiwe na viongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, ithibitishwe kwa wakili au mahakamani, kisha iskaniwe na kurudishwa kwenye mtandao. Serikali imehamia kwenye kompyuta, lakini karatasi imebaki pale pale.

Si wanafunzi peke yao. Tangu msimu wa 2018, Serikali ilipoelekeza kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS), orodha za wakulima, kilo walizopeleka na malipo yao zimekuwa sehemu ya biashara ya zao hilo. Shule nazo zinahitaji mitihani ya majaribio. Kuna barua za maombi ya kazi, ratiba za mazishi, kadi za michango ya harusi, nakala za vitambulisho na namba za mlipakodi. Mjini Mbinga mwenye shida hiyo ana steshenari za kuchagua. Katika kata kama Ukata (jina la kata hiyo lisichanganywe na ukata wa mfukoni, ingawa kwenye habari za wino mambo hayo mawili hukutana), mashine moja inaweza kutegemewa na vijiji viwili vitatu.

Umeme umeifungua biashara hii. Laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018 na kuuunganisha mkoa wa Ruvuma na gridi ya taifa, baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta ya dizeli. Mwenye duka la vifaa vya shule ambaye zamani aliuza madaftari na kalamu tu, leo anaweza kuweka kompyuta mpakato na printa kwenye kona ya kaunta. Swali linalomkabili anapokwenda kununua ni moja: achukue printa ndogo ya katriji ambayo bei yake ni nafuu, au ile ya matangi ya kujaza wino ambayo bei yake inaweza kuwa mara tatu au nne?

Wengi huchukua ya nafuu. Hapo ndipo wanapoingia kwenye mtego uliotegwa makusudi.

Mashine rahisi, wino ghali

Kwa miaka mingi watengenezaji wa printa za wino wameuza mashine kwa bei ya chini, na wakati mwingine kwa faida ndogo sana, wakitegemea kuirudisha fedha kwenye katriji. Ni sawa na mtu anayekupa taa bure kwa sharti la kununua mafuta kwake. Ili mteja asikimbilie wino wa mtu mwingine, baadhi ya katriji huwekewa chipu inayotambulisha asili yake, na mashine inaweza kuikataa ile isiyotambulika. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza kampuni ya HP faini ya euro milioni 10, ikisema wateja hawakuelezwa vya kutosha kuhusu vizuizi vya namna hiyo.

Printa ya matangi haikuanzia kwenye maabara za Japani kama wengi wanavyodhani. Chanzo chake ni wafanyabiashara wadogo. Katika nchi za Asia, wenye maduka ya kuchapa waliochoshwa na bei ya katriji walianza kutoboa mashine zao, kupitisha mipira myembamba na kuiunganisha na chupa za wino zilizowekwa pembeni. Mashine zilichafuka na dhamana zikafutwa, lakini ukurasa ukawa rahisi. Kampuni ya Epson ilipoona soko la katriji limekwisha kuipotea katika nchi hizo, ilitengeneza yenyewe mashine ya namna hiyo na kuiingiza sokoni Indonesia mwaka 2010. Canon ilifuata mwishoni mwa 2015 na HP mwaka 2016. Kufikia mwaka 2020 Epson pekee ilikuwa imetangaza kuuza zaidi ya mashine milioni 50 za aina hiyo duniani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mnunuzi wa Marekani aliipata mashine hiyo miaka mitano baada ya yule wa Indonesia. Kule wateja walikuwa bado wananunua katriji bila kelele, na hakuna muuzaji anayeharakisha kuua ng'ombe anayetoa maziwa.

Hesabu ya ukurasa

Katriji ndogo nyeusi ya Canon aina ya PG-445 imekadiriwa na mtengenezaji kutoa kurasa 180. Ile ndogo ya HP namba 123 hutoa takriban kurasa 120. Chupa moja nyeusi ya Epson namba 103, yenye mililita 65, imekadiriwa kutoa kurasa 4,500. Kwa maneno mengine, chupa moja ni sawa na katriji 25 za PG-445.

Makadirio hayo hupimwa kwa kurasa maalumu zenye maandishi ya wastani. Karatasi ya mtihani iliyojaa maandishi hunywa wino zaidi, na picha ya marehemu kwenye jalada la ratiba ya mazishi hunywa zaidi ya hapo. Hata hivyo, upungufu huo huzikumba mashine zote mbili, kwa hiyo uwiano wake haubadiliki sana.

Tuchukue bei za mfano, na kila mmoja aweke zile atakazozikuta dukani. Tuseme printa ya katriji ni Sh150,000 na katriji yake Sh40,000. Tuseme ya matangi ni Sh550,000 na chupa ya wino mweusi Sh30,000. Wino wa ukurasa mmoja kwenye katriji utagharimu Sh222. Kwenye tangi hautafika Sh7. Ukiweka karatasi, kwa rimu ya Sh13,000 yenye karatasi 500, unaongeza Sh26 kwa kila ukurasa.

Mwenye duka anayetoza Sh300 kwa ukurasa, akitumia katriji mpya kila mara, anabaki na Sh52 kabla ya umeme, pango na kodi. Mteja mmoja akikataa ukurasa uliotoka na mistari, faida ya kurasa kadhaa imekwenda. Anayetumia tangi anabaki na Sh267, na anaweza hata kushusha bei kwa wanafunzi bila kuumia.

Tofauti ya bei ya mashine katika mfano huu ni Sh400,000. Kwa kuokoa takriban Sh215 kila ukurasa, fedha hiyo inarudi baada ya kurasa zisizofika 1,900. Duka linalochapa kurasa 20 kwa siku litaimaliza kazi hiyo kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mtu anayechapa kurasa 20 kwa wiki atahitaji karibu miaka miwili, na huyo anapaswa kufikiri mara mbili.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kujaza katriji kwa bomba la sindano. Njia hiyo hupunguza gharama kwa kiasi kikubwa na imewasaidia wengi kuanza. Lakini katriji ndogo haikutengenezwa kujazwa kila siku. Baada ya mara kadhaa huanza kuvuja au kutoa herufi zilizokatika, na mara nyingi hilo hutokea siku ambayo mwalimu mkuu amesimama kaunta akisubiri mitihani.

Kalenda ya kahawa na mashine inayolala

Hapa ndipo ushauri unaotolewa mijini unapokosa kuwafaa watu wa Mbinga. Shughuli za kahawa zina msimu. Chama cha msingi huelemewa na makaratasi tangu mavuno yanapoanza katikati ya mwaka hadi malipo yanapokwisha, kisha mvua zikianza watu wanarudi shambani na ofisi inapoa. Printa ya wino haipendi kulala. Matundu ya kichwa cha kuchapia ni madogo kuliko unywele, na wino ukikaa wiki nyingi bila kupita hukauka na kuyaziba.

Kwenye printa nyingi ndogo za HP na Canon, kichwa hicho kimo ndani ya katriji yenyewe. Kikiziba, hasara ni katriji moja. Kwenye mashine za matangi za Epson, kichwa kimefungwa ndani ya mashine, na kukibadilisha ni kazi ya fundi kwa gharama inayoweza kumfanya mwenye mali aone heri anunue nyingine. Mashine za matangi za Canon na HP hutumia vichwa vinavyoweza kuchomolewa na kubadilishwa. Kwa mtu aliye mbali na fundi, tofauti hiyo ina uzito kuliko sifa nyingi zilizoandikwa kwenye boksi.

Dawa yake ni kuchapa angalau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki. Lakini AMCOS inayofungua ofisi mara chache wakati wa masika haiwezi kuahidi hivyo. Ingekuwa busara chama na shule ya jirani wakakubaliana kutumia mashine moja, maana mitihani ya shule husambaa mwaka mzima na mashine haitapata nafasi ya kukauka. Kama chama hakina mwenza na kinachochapa ni orodha nyeusi tupu, printa ya leza inafaa zaidi. Unga wake haukaukii, hata ikikaa miezi sita. Ubaya wake ni umeme: leza huvuta mamia ya wati inapochapa, wakati printa ndogo ya wino huridhika na wati kati ya 10 na 20, kiasi ambacho hata mfumo mdogo wa sola unaweza kukimudu. Epson imeamua kuachana kabisa na leza. Ilitangaza mwaka 2022 kwamba itasitisha kuziuza ifikapo 2026. Hata hivyo watengenezaji wengine wanaendelea nazo.

Mkulima mmoja mmoja mwenye kompyuta nyumbani, anayechapa barua mbili kwa mwezi, hana sababu ya kununua aina yoyote. Alipe ukurasa wake dukani.

Wino na mvua

Jambo jingine ambalo wauzaji hulipita haraka ni aina ya wino. Wino mweusi wa mashine za matangi za Canon aina ya G na za HP ni wa chembechembe, ambazo hubaki juu ya karatasi na kustahimili unyevu. Wino wa Epson namba 103, pamoja na ule wa 664 uliotangulia, ni wa rangi iliyoyeyuka. Huo hutoa picha nzuri, lakini karatasi ikidondokewa na maji herufi hutawanyika. Orodha ya malipo inayosafirishwa kwa bodaboda mwezi wa Machi, au fomu ya mkopo inayozungushwa kwa saini kutoka ofisi moja hadi nyingine, ikilowa inaweza kumrudisha mtu mwanzo. Anayechapa zaidi nyaraka aangalie wino mweusi wa chembechembe. Anayetegemea kadi na picha anaweza kwenda na huo mwingine, ila awape wateja mfuko wa plastiki mgumu wa kuhifadhia karatasi.

Wino bandia nao upo, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa za namna hiyo. Chupa yenye jina la kampuni kubwa inayouzwa kwa robo ya bei ya kawaida inajieleza yenyewe. Mwenye duka adai risiti ya EFD kwa mashine na kwa wino, kwa sababu bila risiti dhamana ni maneno matupu.

Kuisafirisha na kuitunza

Mashine ya matangi ikishajazwa haipaswi kulazwa ubavu wala kupinduliwa. Inayonunuliwa Songea au Mbinga mjini kwa ajili ya Ukata, au kwa ajili ya vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Nyasa, isijazwe dukani "kwa majaribio". Ifike kwenye boksi lake ikiwa mikavu, iwekwe juu ya meza iliyonyooka, ndipo ijazwe. Mwenye mali asishangae kuona wino umeshuka kabla ya kuchapa lolote, kwani sehemu ya chupa za kwanza hujaza mipira ya ndani na haihesabiwi tena kwenye chupa zinazofuata.

Kila mashine inaposafisha kichwa chake, wino hutupwa kwenye sifongo iliyo chini. Sifongo ikijaa, printa husimama na kutoa ujumbe wa hitilafu, hata kama matangi yamejaa hadi juu. Wengi hudhani imekufa na kuiuza kama chuma chakavu. Baadhi ya matoleo mapya ya Canon yana kisanduku cha wino taka ambacho mtumiaji hukibadilisha mwenyewe kwa dakika chache. Nyingine zinahitaji fundi abadilishe sifongo na kurudisha hesabu ya mashine kwenye sifuri. Kabla ya kulipa, mnunuzi amwulize muuzaji kisanduku hicho kipo au hakipo, na kama hakipo, fundi wa karibu anayeifanya kazi hiyo yuko Mbinga au ni mpaka Songea.