Kesi ya Nyani Isipelekwe kwa Ngedere

Wazee wetu walitukataza kupeleka kesi ya nyani kwa ngedere. Hawakusema ngedere ni mwongo, wala hawakudai kwamba hajui kuhukumu. Pengine ni mwadilifu kuliko wanyama wote wa msituni. Lakini mwenye shamba la mahindi atamwaminije?

Ndugu wasomaji, kesi za jinai zenye harufu ya siasa hazijaanza leo, na hazitaisha kesho. Kila inapofunguliwa moja, watu hukaa roho juu wakingoja siku ya hukumu. Mimi nasema tunachelewa. Kesi huanza kuelekea upande siku ile jalada linapowekwa mezani kwa fulani badala ya fulani. Mwenye kalamu ya kupanga majalada ameshika nusu ya kesi, na ndiye tusiyemwona.

Tuanzie Kapenguria. Serikali ya kikoloni ilimkamata Jomo Kenyatta na wenzake watano Oktoba 1952, kisha ikachagua mahali pa kuwashtaki: huko kaskazini-magharibi mwa Kenya, eneo lililofungwa ambako mtu haingii bila kibali, hakuna reli, hakuna hoteli. Darasa la shule ya kilimo likageuzwa mahakama. Mawakili, wakiongozwa na D. N. Pritt kutoka London, walilazimika kulala Kitale na kwenda na kurudi. Baada ya kuchagua mahali, ikachagua mtu. Ransley Thacker alikuwa jaji aliyekwisha kustaafu. Akarudishwa kazini awe hakimu wa kesi hiyo. Wanahistoria wameandika kwamba Gavana Evelyn Baring aliidhinisha alipwe pauni 20,000.

Sasa tazama kituko. Mkalimani wa kesi alikuwa Louis Leakey, Mzungu aliyezaliwa na kukulia miongoni mwa Wakikuyu. Pritt alipozidi kulalamika kwamba anaegemea upande, Leakey aliacha kazi hiyo. Mfasiri wa maneno akaondoka; mwenye kutoa hukumu akabaki kitini. Aprili 8, 1953, Thacker akawafunga wote sita miaka saba na kazi ngumu.

Miezi michache baadaye Mahakama Kuu ikasema kesi nzima ilikuwa batili, kwa kuwa Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa jimbo jingine, si lile lenye Kapenguria. Walikuwa na haraka ya kumpata mtu wao hata wakakosea barua ya uteuzi! Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliutengua uamuzi huo, na wafungwa wakabaki gerezani. Lakini mwaka 1958 shahidi mkuu, Rawson Macharia, alikula kiapo kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, na mwaka 1963 Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Dola ilipata hukumu iliyoitaka. Heshima ya hukumu haikuipata.

Atakuwepo wa kusema: huo ulikuwa ukoloni, majaji wa leo wamekula kiapo. Kiapo ni kitu kitakatifu, sikidharau. Hata hivyo, Uingereza yenyewe ilifundishwa adabu mwaka 1998. Majaji wa Bunge la Malodi waliamua, watatu kwa wawili, kwamba Augusto Pinochet, dikteta wa zamani wa Chile, hana kinga ya kumzuia asishtakiwe. Wapenda haki wakashangilia. Baadaye ikajulikana kwamba mmoja wa wale watatu, Lord Hoffmann, alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya hisani iliyo chini ya Amnesty International, shirika lililokuwa limeingia katika kesi hiyo hiyo. Hakuna aliyethibitisha kwamba Hoffmann alipendelea. Uamuzi ulifutwa hata hivyo, kesi ikasikilizwa upya na jopo jingine. Majaji wenzake hawakuuliza kama moyo wake ulikuwa safi. Walitazama mahali alipokuwa amekaa.

Tukija nyumbani Tanzania, wengi mnakumbuka kesi ya ugaidi ya Freeman Mbowe, kiongozi wa upinzani, na wenzake watatu mwaka 2021, katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi. Jaji Elinaza Luvanda alipoambiwa na washtakiwa kwamba hawana imani naye, alijitoa. Akaja Jaji Mustapha Siyani. Oktoba mwaka huo huo, kesi ikiendelea mikononi mwake, Rais alimteua kuwa Jaji Kiongozi. Akatoa uamuzi wa kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, kisha akaiachia kwa sababu ya majukumu mapya. Wa tatu akawa Jaji Joachim Tiganga, hadi Machi 4, 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoifuta.

Simtuhumu jaji yeyote kati ya hao. Kila hatua ilikuwa na mlango wake katika sheria. Ila mwananchi aliyekuwa akifuatilia redioni alihesabu majaji watatu, na hakuna aliyemweleza kila mmoja alipangwaje. Penye ukimya wa ofisi, uvumi hufungua duka.

Najua pia hatari ya upande wa pili. Mshtakiwa akiachiwa kumkataa kila jaji anayelikataa pingamizi lake, kesi haitaisha, na atakuwa amejichagulia hakimu kama ile serikali ya Kapenguria. Ndiyo maana Mahakama yetu ya Rufani imeweka mipaka: uwepo uhasama kati ya jaji na mhusika, au uhusiano wa karibu na upande wa pili, au maslahi ya jaji au ndugu zake katika matokeo ya kesi. Kushindwa katika uamuzi mdogo si sababu. Hofu tupu si ushahidi.

Basi nini kifanyike?

Wakuu wa mahakama, majalada ya kesi hizi yapangwe kwa kura au kwa mashine, mbele ya pande zote mbili, na kumbukumbu itunzwe na Msajili. Jaji akibadilishwa, sababu iandikwe na isomwe hadharani.

Waheshimiwa majaji, msingoje kukataliwa. Mwenye undugu, urafiki au maslahi aseme siku ya kwanza. Na asiye navyo asikimbie kwa kuogopa kelele. Akatae ombi kwa hoja zilizoandikwa, aendelee na kazi. Kujitoa bila sababu ni kumtwisha mwenzako mzigo wako.

Mawakili, leteni ushahidi, msilete manung'uniko.

Nanyi wenye dola, mwacheni jaji amalize kesi kabla ya kumpa cheo. Hata zawadi halali, ikitolewa katikati ya kesi, humchafua aliyeipokea.

Msidhani haya ni ya kuwafaa wapinzani peke yao. Katika wale sita wa Kapenguria, Bildad Kaggia alifungwa tena mwaka 1968 na Achieng Oneko akawekwa kizuizini mwaka 1969, na safari hii aliyekuwa Ikulu ni Kenyatta, aliyesimama nao kizimbani. Oneko hakupewa hata Thacker wa kumsikiliza. Alikaa kizuizini hadi 1975 bila kesi. Anayetawala leo hajui atasimama wapi kesho, wala nani atapangiwa jalada lake. Kwa hiyo aitengeneze njia ya kupanga majaji wakati bado ana nguvu ya kuitengeneza. Akishafika kizimbani, hatakuwa na sauti tena katika jambo hilo.